"Mahakama imeamua": mahakama ipi, imeamua nini, na baadaye ikawaje?

SWALI

Wakili, shikamoo. Mimi ni msaidizi wa kisheria katika wilaya ya Chamwino. Siku hizi watu hawaniletei maswali, wananiletea simu. Kwenye simu kuna ujumbe unaosema "Mahakama imeamua", nao wanataka niwathibitishie kwamba haki yao imeshapatikana. Mzazi mmoja anataka kumwozesha binti wa miaka 16. Nikimwambia mahakama ilishakataza, ananijibu kwamba kitabu cha Sheria ya Ndoa bado kinaruhusu. Mama mmoja ameachana na mumewe baada ya miaka ishirini, ameambiwa mahakama ilishasema mali ni nusu kwa nusu. Kijana mmoja ameachishwa kazi kwenye ghala la alizeti wiki tatu zilizopita, anasubiri miezi yake kumi na miwili ya fidia. Mjomba wangu ana hukumu ya baraza la kata ya mwaka 2017 kuhusu shamba, na jirani anamtishia kwamba hukumu za mabaraza hayo zimefutwa zote. Juzi msibani nikasikia pia kwamba adhabu ya kunyongwa imefutwa. Nitajuaje hukumu ipi ya kushika na ipi ya kuacha?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo kijana wa ghalani, maana wenzake wote wanaweza kusubiri nimalize kuandika, yeye hawezi. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku thelathini tangu siku ya kuachishwa. Wiki tatu tayari ni siku ishirini na moja, na ulipoandika hesabu ilikuwa inaendelea. Mwambie apande gari aje mjini, ofisi ya Tume ipo hapa Dodoma, ajaze fomu ya malalamiko, ampelekee mwajiri nakala na abaki na uthibitisho kwamba imepokelewa. Siku zikimpita atalazimika kuomba kwanza kuongezewa muda, na kwenye maombi ya namna hiyo Mahakama ya Rufani haina huruma: imerudia mara nyingi kwamba kila siku ya kuchelewa itolewe maelezo, hata ikiwa ni siku moja. "Nilikuwa nasikilizia" si maelezo.

Hiyo miezi kumi na miwili nayo asiihesabu bado. Alikuwa na muda gani kazini? Kama hajatimiza miezi sita, sehemu ya sheria inayolinda dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu. Kama alikuwa katika kipindi cha majaribio, kuna uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2019, katika rufaa ya madai namba 61 ya mwaka 2016, uliosema mfanyakazi wa majaribio hawezi kudai nafuu hizo sawa na aliyethibitishwa. Na kama mwajiri alikuwa na sababu halali ila alikosea utaratibu tu, kwa mfano hakumwita ajieleze, mahakama hiyohiyo ilisema mwaka 2021, katika rufaa namba 213 ya mwaka 2019, kwamba fidia inaweza kuwa chini ya miezi kumi na miwili. Juu ya hayo, sheria za kazi zimefanyiwa marekebisho mwaka 2025, kwa hiyo hukumu yoyote ya kabla ya hapo isomwe sambamba na maandishi mapya. Afungue kwanza. Miezi itahesabiwa baadaye.

Umeona lakini jinsi jambo dogo la kijana mmoja lilivyogawanyika? Hapo ndipo jibu la swali lako kubwa lilipo. Mahakama haitungi kanuni ya watu wote ikiwa imekaa hewani. Inajibu swali lililoletwa na watu fulani, kwa ushahidi fulani, kisha inatoa amri. Ujumbe wa simu unachukua amri, unaacha swali. Kwa hiyo mtu akikuonyesha "mahakama imeamua", mwulize mahakama ipi, iliulizwa nini hasa, iliamuru nini, na baada ya hapo kulitokea nini: je, ilikatiwa rufaa, je, Bunge lilibadilisha sheria? Ujumbe mwingi unaozunguka huanguka kwenye swali la nne.

Kuhusu mahakama ipi, sitakuchosha. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani unazifunga mahakama zote zilizo chini yake. Uamuzi wa jaji wa Mahakama Kuu unazifunga mahakama za chini, lakini jaji mwenzake anaweza kuuheshimu au kutofautiana nao. Uamuzi wa hakimu wa wilaya unawahusu waliokuwa mbele yake, hata ukisambazwa nchi nzima. Gazeti haliandiki tofauti hii, nalo halilaumiwi sana kwa sababu kichwa cha habari kina nafasi ndogo.

Sasa huyo binti. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinapingana na Katiba. Ni hivyo vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, wakati mvulana anasubiri afike 18. Shauri lilifunguliwa na Rebeca Gyumi. Serikali ikakata rufaa, ikijenga hoja kwamba tofauti hiyo ya umri iliwekwa kumlinda msichana, na kwamba mila na dini nazo zizingatiwe. Tarehe 23 Oktoba 2019, katika rufaa ya madai namba 204 ya mwaka 2017, Mahakama ya Rufani ilizikataa hoja zote na kuitupa rufaa. Juu ya hapo hakuna mahakama nyingine nchini.

Huyo mzazi wako ana hoja moja ambayo usiidharau, kwa sababu hata baadhi ya wanasheria wanaitumia. Mahakama haikuvifuta vifungu hivyo siku ileile. Iliipa Serikali mwaka mmoja ipeleke marekebisho, na mwaka ukapita bila Bunge kubadili kitu. Wanasema basi, kwa kuwa Bunge halikurekebisha, sheria ilibaki. Lakini mamlaka ya kutoa muda huo yanatoka ibara ya 30(5) ya Katiba, na ibara hiyo haina budi kusomwa hadi nukta ya mwisho. Inasema sheria iliyokutwa na kasoro itahesabiwa kuwa halali mpaka marekebisho yafanyike, au mpaka muda uliowekwa na mahakama uishe, kutegemea kipi kinatangulia. Uanze kuhesabu Julai 2016 au Oktoba 2019, mwaka mmoja ulikwisha zamani. Msimamo wangu ni kwamba tangu hapo vifungu hivyo havina nguvu, hata kama vinasomeka vizuri kabisa kwenye nakala iliyo kabatini kwa mtendaji. Nakala ya sheria haijifuti yenyewe mahakama ikisema.

Hata hivyo, mwanangu, usiende kwa mzazi huyo na ibara za Katiba. Nenda na swali moja: binti anasoma? Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu ina kifungu cha 60A kinachofanya kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari kuwa kosa la jinai, na adhabu yake ni kifungo cha miaka thelathini. Anayesaidia au kushawishi ndoa hiyo naye yumo. Hapo hakuna mjadala wa ridhaa ya mzazi wala wa ng'ombe waliokwisha kuswagwa. Nimeona wazee waliobisha Katiba mchana kutwa wakinyamaza waliposikia idadi ya miaka. Kama binti aliacha shule, bado kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni mtoto, maana hajafika 18. Mshirikishe afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi kabla ya siku ya harusi. Baada ya harusi utakuta wote wamesahau umri wake, pamoja na yeye mwenyewe.

Adhabu ya kunyongwa inatoa mfano wa kinyume, na sisi wa Dodoma tunapaswa kuujua kwa kuwa ulianzia hapa. Juni 1994, katika kikao cha Mahakama Kuu Dodoma, Jaji James Mwalusanya aliwatia hatiani washitakiwa wawili wa mauaji, kisha akakataa kuwahukumu kunyongwa. Alisema adhabu hiyo ni ya kikatili, inamdhalilisha binadamu na inapingana na Katiba, akawapa kifungo cha maisha. Ndilo shauri linalojulikana kwa jina la Mbushuu. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikalitengua. Na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu majaji wa rufaa walikubaliana na Mwalusanya kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha. Walichokataa ni hitimisho lake: walisema ibara ya 30(2) ya Katiba inaruhusu sheria ya namna hiyo kwa maslahi ya jamii. Ukinukuu nusu ya kwanza ya hukumu yao, umeshinda. Ukisoma ya pili, umeshindwa. Miezi michache baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipofuta adhabu ya kifo nchini kwao, iliijadili kesi hii yetu. Binafsi huiona kazi ya Jaji Mwalusanya kuwa miongoni mwa maandishi bora yaliyowahi kutoka kwenye jengo la mahakama la mji huu, lakini hakuna mfungwa wa hapa nchini anayeweza kuitumia.

Kilichofufua maneno hayo msibani huenda ni hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha. Tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, mahakama hiyo iliona kwamba kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka haki ya kuishi kwa jinsi kinavyomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila kosa la mauaji. Angalia swali lililojibiwa. Haikusema kunyongwa kufutwe. Ilisema jaji asilazimishwe, awe na nafasi ya kupima mazingira ya kila mshitakiwa, na ikaipa Serikali mwaka mmoja kuondoa ulazima huo. Pia ni hukumu inayoifunga nchi kwa mkataba. Haina uwezo wa kuingia ndani ya Kanuni ya Adhabu na kufuta mstari, kazi hiyo ni ya Bunge au ya mahakama zetu. Mwezi huohuo wa Novemba 2019 Serikali iliwasilisha taarifa ya kujitoa katika tamko lililoruhusu watu binafsi na mashirika kuishitaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, na kujitoa huko kukaanza kutumika mwaka uliofuata. Kwa hiyo wa msibani alisikia kitu cha kweli, akakipokea kikubwa kuliko kilivyo.

Dhamana nayo ni hivyohivyo, nitaipitia haraka kwa sababu hukuiuliza lakini utaulizwa. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachonyima dhamana kwa makosa kama mauaji, uhaini na utakatishaji fedha, kinapingana na Katiba. Ilikuwa furaha kubwa kwa familia nyingi zenye ndugu mahabusu. Tarehe 5 Agosti mwaka uleule Mahakama ya Rufani ikaitengua, katika rufaa ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Dickson Paulo Sanga. Furaha ilidumu chini ya miezi mitatu. Ujumbe wa Mei bado unatembea.

Nirudi kwa mama wa miaka ishirini, kwani nadhani huyo ndiye anayeweza kuumia zaidi kwa kuamini ujumbe. Hakuna hukumu ya Mahakama ya Rufani inayosema mali ya ndoa ni nusu kwa nusu. Kilichopo ni shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983. Kabla ya hapo ilibishaniwa kama mke aliyekaa nyumbani, akapika, akalea na kutunza familia, anaweza kusemwa amechangia kupata mali. Mahakama ya Rufani ikasema ndiyo, kazi hiyo ni mchango kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Kila mwanasheria nchini anaijua sentensi hiyo. Wachache huwaambia wateja wao mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa. Ilionekana mumewe alikuwa amempa fedha za mradi wa familia ambazo hakuzitolea hesabu nzuri, na mahakama ikaona fungu lake lilishaliwa. Kanuni ikabaki kwa wanawake wengine wote, yeye akarudi bila kitu.

Tangu hapo vita imehama. Siku hizi hakuna hakimu anayepaswa kukuuliza kama kazi ya nyumbani ni mchango. Anauliza mchango huo ulikuwa wa kiasi gani, na uthibitisho uko wapi. Mahakama ya Rufani ililisema hilo wazi katika rufaa ya madai namba 102 ya mwaka 2018 kutoka Tanga: kiasi cha mchango ni suala la ushahidi, na anayedai ndiye anayethibitisha. Kwa hiyo mama akifika mahakamani na ujumbe wa simu kuhusu nusu kwa nusu, anaweza kuondoka na kidogo kuliko alichostahili, kwa sababu tu hakujiandaa.

Mwandae hivi. Kaa naye chini mwandike mali moja moja: nyumba, shamba la zabibu, mifugo, mashine ya kukamua alizeti kama ipo, na pembeni ya kila moja ilipatikana mwaka gani. Iliyopatikana kabla ya ndoa ina hesabu yake, ila kama waliiendeleza pamoja, ule uendelezaji unaingia. Kisha fedha zilitoka wapi. Daftari la VICOBA, stakabadhi za mabati, risiti za kuuza zabibu msimu fulani, miamala ya simu, vyote hivyo ni ushahidi. Mashahidi nao wawepo: jirani aliyemwona akipalilia, fundi aliyelipwa naye, balozi wa nyumba kumi aliyeandika makubaliano. Na zile kazi za ndani azieleze kwa vitendo na kwa miaka. "Nilikuwa mke mwema" haipimiki. Watoto wanne aliowalea mumewe akiwa safarini Dar es Salaam kikazi inapimika. Kifungu hichohicho kinaitaka mahakama iangalie pia mila za jamii ya wahusika, madeni waliyoingia kwa faida ya wote na mahitaji ya watoto wadogo, kwa hiyo asishangae akiulizwa hayo.

Jambo jingine ambalo limewakwamisha wengi: kabla ya kufungua shauri la talaka lazima mgogoro upite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza litoe hati kwamba limeshindwa kusuluhisha. Bila hati hiyo, isipokuwa kwa sababu chache ambazo sheria inazitaja, mahakama haina pa kushika. Nimeona mashauri yaliyofika mbali yakifutwa yote, na mali yakabaki mikononi mwa aliyekuwa nayo. Na kama mama hana cheti cha ndoa, usimkatishe tamaa. Kifungu cha 160 kinatambua dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa ni mke na mume, na mahakama inaweza kugawa mali yao pia.

Sasa mjomba. Jirani amesikia mambo mawili tofauti akayaunganisha.

La kwanza ni la Bunge. Oktoba 2021 Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ilirekebishwa, mabaraza ya kata yakaondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi. Siku hizi yanasuluhisha tu, kwa siku thelathini, na yakishindwa mwenye mgogoro anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la kata likitoa leo karatasi inayosema "fulani ameshinda shamba", karatasi hiyo si hukumu. Lakini hukumu ya 2017 ilitolewa wakati baraza likiwa na mamlaka, na marekebisho ya 2021 hayakurudi nyuma kuzifuta hukumu hizo. Kinachohitaji kuangaliwa ni thamani ya shamba wakati ule: baraza la kata lilikuwa na ukomo wa shilingi milioni tatu. Kwa ardhi ya Chamwino, bei za kabla Serikali haijahamia kwa nguvu Dodoma na bei za sasa ni vitu viwili tofauti, na jirani asije akatumia bei ya leo kupima mamlaka ya miaka hiyo. Hoja ya mamlaka inaweza kuinuliwa hatua yoyote, kwa hiyo mjomba ajiandae nayo.

La pili ni la mahakama, na hapa jirani ana sehemu ya ukweli. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikiwa Mbeya iliyafuta mashauri ya ardhi yaliyokuwa yameamuliwa na mabaraza ya wilaya, katika rufaa namba 286 na 287 za mwaka 2017, kwa sababu ya wazee wa baraza, yaani wajumbe wanaokaa na mwenyekiti na kumpa maoni. Maoni yao yalipaswa kuandikwa na kusomwa mbele ya wahusika kabla mwenyekiti hajatoa hukumu, na kumbukumbu hazikuonyesha hivyo. Baada ya hapo mashauri mengi ya mabaraza ya wilaya yalianguka kwa kasoro hiyohiyo nchi nzima. Wateja walionilipa kwa miaka walirudi mwanzo kabisa, na sikuwa na la kuwaambia zaidi ya pole.

Mwaka huohuo, mahakama hiyohiyo ikiwa Mwanza ilikuwa na rufaa namba 55 ya mwaka 2017, iliyotokana na baraza la kata. Mlalamikaji alisema kumbukumbu hazikuonyesha wajumbe wangapi walikuwa wanawake, wakati sheria inataka wanawake watatu. Safari hii majaji walikataa kufuta. Walirejea marekebisho ya 2018 yanayotaka mahakama zitazame haki yenyewe badala ya kukwama kwenye utaratibu, pamoja na kifungu cha 45 cha sheria ya migogoro ya ardhi kinachosema uamuzi wa baraza usitenguliwe kwa kasoro ndogo isiyosababisha haki ipotee.

Je, majaji wanajipinga? Sioni hivyo, ingawa nakiri mstari ni mwembamba. Mbeya, wahusika walinyimwa kusikia maoni ambayo huenda yalikuwa upande wao. Mwanza, hakuna aliyeonyesha kwamba kutoandika jinsia ya mjumbe kulimpokonya chochote. Kwa hiyo jirani akimtishia mjomba kwamba "hukumu ina kasoro", swali la kumrudishia ni: kasoro hiyo ilikunyima nini? Kama hana jibu, rufaa namba 55 iko upande wa mjomba. Muda nao uko upande wake: rufaa kutoka baraza la kata ilipaswa kukatwa ndani ya siku arobaini na tano, na kama jirani hakukata, anahitaji kwanza kuomba kuongezewa muda na kuieleza miaka yote hiyo siku kwa siku. Ila mjomba asilalie masikio. Kama hajakaza hukumu hadi leo, apeleke maombi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, maana utekelezaji wa hukumu nao una ukomo wa miaka kumi na miwili.

Kama eneo limeshapimwa na mmoja wao ana hati miliki, sura inabadilika. Mahakama ya Rufani imeshasema, katika rufaa ya madai namba 35 ya mwaka 2019, kwamba wawili wakigombea ardhi, mwenye hati atachukuliwa kuwa mmiliki halali hadi ithibitishwe kwamba hati hiyo haikupatikana kihalali. Kwa huku kwetu, ambako vijiji vimemezwa na upimaji wa mji mwaka hadi mwaka, huo ndio uamuzi ninaoutumia kuliko mwingine wowote. Haumpi ushindi kila mwenye karatasi, unampa mwenzake mzigo wa kuthibitisha, na mzigo huo ni mzito kwa mzee ambaye ushahidi wake ni mbuyu na makaburi ya babu zake.

Kuzitafuta hukumu zenyewe si kazi ngumu. Tovuti ya TanzLII inaziweka bure, na ukiandika namba ya shauri unaipata. Kumbuka kwamba mwaka ulio kwenye namba ni wa kufungua shauri, si wa kuamuliwa: rufaa namba 204 ya 2017 iliamuliwa 2019. Kwenye rejea utaona herufi TZCA kwa Mahakama ya Rufani na TZHC kwa Mahakama Kuu, kwa hiyo swali la mahakama ipi unalimaliza kabla hujafungua ukurasa. Hukumu nyingi za huko juu bado ni za Kiingereza, licha ya sheria kubadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Lugha ikikupa shida, anza na kurasa mbili za mwisho upate amri, kisha rudi katikati utafute mahali majaji wanapoorodhesha hoja walizoombwa kuziamua. Hapo ndipo utaona waliulizwa nini.

Angalizo la mwisho ni la namba za vifungu. Nimekutajia zile zilizomo ndani ya hukumu zenyewe. Tangu tarehe 1 Julai 2025 linatumika Toleo la Urekebu la Sheria la mwaka 2023, na katika baadhi ya sheria vifungu vimepangwa upya, kwa hiyo namba ya zamani inaweza kukupeleka kwenye kifungu kisichohusika. Ukimwandikia mjomba maombi ya Baraza, linganisha kwanza na toleo jipya, uandike namba mpya, na ya zamani uiweke pembeni ili mwenyekiti aione kama ilivyo katika hukumu unayoitegemea.